Ghala la Siku Tisini: Maswali Yenu Kuhusu Shehena ya Mahali pa Mbali

Toleo hili tumelitenga kwa wasomaji wanaojiandaa kukaa kambini, kisiwani, milimani au kwenye kituo ambacho boti au gari hufika mara moja kwa msimu. Barua zilizofanana tumeziunganisha. Zenye matusi kwa mpishi wa safari iliyopita tumezipunguza makali.

Ndugu Wahariri, tutakuwa watu wanne kwa siku 90, kazi ya wastani. Kila ninayemuuliza ananipa orodha ya vitu, hakuna anayenipa kiasi. Nianzie wapi?
*Mratibu wa msafara*

Anza na siku-mtu. Watu 4 mara siku 90 ni siku-mtu 360, na kila kitu kitakacholiwa, kunywewa au kuchomwa kitazidishwa kwa namba hiyo. Orodha isiyo na namba hiyo haina kazi hata ikiwa ndefu kiasi gani.

Kwa mtu mmoja kwa siku, anzia hapa: nafaka kavu (mchele, unga, tambi) gramu 400, maharage, dengu au choroko gramu 100, mafuta ya kupikia gramu 30, sukari gramu 30, maziwa ya unga gramu 30, chumvi gramu 5. Jumla yake ni kama kilokalori 2,300. Mashirika ya misaada hupangia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo hapo umesimama vizuri kwa kazi ya wastani. Anayebeba mizigo au kuchimba kutwa nzima anahitaji 3,000 na zaidi. Huyo mwongezee gramu 100 za nafaka na gramu 40 za mafuta, utapata kilokalori 700 hivi za ziada. Usimwongezee makopo.

Ukizidisha kwa 360: nafaka kilo 144, jamii ya kunde kilo 36, mafuta kilo 10.8 (karibu lita 12), sukari kilo 10.8, maziwa kiasi hichohicho, chumvi kilo 1.8. Hiyo ni shehena ya kilo 214 kabla hujagusa vitunguu wala sabuni. Msimamizi wa usafiri ajue hilo mapema.

Akiba wengi huipanga kwa asilimia. Sisi tunapinga. Boti huchelewa kwa siku, haichelewi kwa asilimia. Uliza waliotangulia: usafiri umewahi kuchelewa siku ngapi kwa sababu ya hali ya hewa? Wakisema kumi, weka 14. Kwa nyinyi wanne hiyo ni siku-mtu 56 zaidi, jumla 416, na nafaka inapanda kutoka kilo 144 hadi 166.

Halafu jaribu nyumbani kwa wiki mbili. Kila mtu ale kutoka kwenye orodha hiyo tu. Pima chupa ya mafuta, mkebe wa sukari na gunia la unga siku ya kwanza asubuhi, uzipime tena siku ya kumi na nne usiku. Nafaka kwa kawaida haikosewi sana. Hesabu huharibika kwenye mafuta, sukari na majani ya chai, kwa sababu hakuna anayejua anatumia kiasi gani mpaka mizani imwambie. Na chumvi usiipime kwa mdomo tu: gramu 5 ndizo zinazoliwa, lakini nyingine huenda kwenye maji ya kuloweka na kuhifadhi samaki au nyama. Chukua mara tatu ya hesabu. Ikikaa kavu haiharibiki.

Je, si rahisi zaidi kubeba makopo matupu, yaani kila kitu cha kopo, tukaachana na kuloweka na kuchemsha?
*Asiyependa kupika*

Utakuwa unasafirisha maji. Kopo la maharage la gramu 400, ukichuja, hubaki na gramu 240 hivi za chakula, sawa na gramu 100 za maharage makavu. Makopo weka ya siku ya kufika, siku ya dhoruba na siku ambayo mpishi anaumwa. Tuseme milo kumi na miwili. Wakati wa kununua pitisha kidole kwenye mshono wa kopo: lililobonyea hapo liache dukani. Lililovimba litupe bila kuonja, hata kwa ncha ya ulimi.

Safari iliyopita tulifungua unga wiki ya tano tukakuta unatembea. Mchele nao ulikuwa na fukusi, ingawa tuliweka majani makavu ya bei (bay leaf, yale ya kiungo) kama tulivyoshauriwa. Tulikosea wapi?
*Mama wa kambi*

Mama, hukuvamiwa na wadudu njiani. Ulisafiri nao. Mayai ya fukusi huwa ndani ya punje na ya wadudu wengine ndani ya unga tangu ghalani au kiwandani, na hayaonekani. Ukishawapa joto na wiki kadhaa, wanaanguliwa. Majani ya bei pengine huwafukuza walio nje, hayawaui walio ndani.

Zipo njia mbili zinazofanya kazi. Ya kwanza ni baridi: unga na mchele vikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne hadi saba, vikiwa vimefungwa. Ukivitoa, usifungue mfuko mpaka vipate joto la chumba. Ukifungua vikiwa baridi, unyevu wa hewa utaganda juu ya unga kama jasho la chupa ya soda, na hapo umebadilishana wadudu kwa kuvu. Fungu likiwa kubwa, pitisha kwa zamu. Anza mwezi mmoja kabla.

Ya pili ni kunyima hewa. Jaza ndoo yenye mfuniko wa mpira au mfuko usiopitisha hewa mpaka juu kabisa, ushindilie, ufunge. Wadudu watatumia oksijeni iliyobaki, itakwisha, watakufa. Siri iko kwenye kutofungua. Ndoo moja ya kilo 60 inayofunguliwa kila asubuhi ni sawa na gunia wazi. Nyinyi wanne mnakula kilo 11 hivi za nafaka kwa wiki, kwa hiyo kila chombo kiwe cha wiki moja, na kisiguswe kabla ya wiki yake.

Lakini njia hii ya pili inataka nafaka kavu kwelikweli, kwa sababu chombo kisichopitisha hewa hufungia na unyevu pia. Kama unanunua nafaka nzima moja kwa moja kutoka kwa mkulima, fanya hivi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye mfuniko. Jaza nafaka theluthi moja. Weka vijiko vitatu vya chakula vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye sufuria. Funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za ndani za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na nafaka hiyo itaota kuvu. Ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, unyevu uko chini ya hapo. Tahadhari moja: kuhifadhi kwa miezi kunataka asilimia 13 hivi, na chupa haiwezi kukuonyesha hiyo. Kwa hiyo nafaka ikishafaulu, ianike siku nyingine moja ya jua kali juu ya turubai, isipoe usiku nje.

Mahindi na karanga zenye kuvu msizioshe mkala. Sumukuvu haitoki kwa kuosha, na kuchemsha hakuiondoi.

La mwisho kwenye hili: mchele mweupe ukiwa mkavu hukaa miaka. Mchele wa kahawia na unga usiokobolewa vina mafuta ya kiini, na mafuta huchacha. Kwenye joto la kawaida vipe miezi sita, kwenye joto kali vipunguzie. Unga ukianza kunuka kama rangi ya mafuta iliyofunguliwa zamani, huo umechacha.

Maharage yetu yalichemka kwa saa nne na bado yaligonga meno. Tuko mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Gesi ilikwisha wiki tatu kabla ya wakati.
*Mpishi aliyelaumiwa*

Lawama nyingi si zako. Kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu nyuzi 90 badala ya 100, na hata ukiongeza moto hayapandi; unaongeza mvuke na kuchoma gesi. Kinachohitajika ni presha kuka. Kwenye usawa wa bahari hupandisha joto la ndani hadi karibu nyuzi 120, na mlimani, ingawa hupungua kidogo, bado maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva ndani ya nusu saa. Bila presha kuka juu ya mita 2,000, achana na maharage makubwa, chukua dengu zilizokobolewa na kupasuliwa.

Sababu ya pili huenda ni umri. Maharage yaliyokaa mahali pa joto na unyevu hukakamaa ndani, na hakuna kuloweka kunakoyarudisha sawasawa. Nunua ya msimu huu, na kabla ya kununua gunia pika kikombe kimoja. Maji magumu pia huchelewesha. Loweka kwa maji yenye chumvi kidogo, maana chumvi hulainisha ganda, tofauti na wengi wanavyoamini. Vitu vyenye uchachu kama nyanya na limau ndivyo vya kuweka mwisho. Yakigoma kabisa, robo kijiko cha chai cha magadi ya kuokea kwa lita ya maji. Ukizidisha, mboga itaonja sabuni.

Maharage mekundu makubwa yanataka uangalifu wake: mwaga maji ya kuloweka, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto. Yakipikwa kwa moto wa chini tangu mwanzo hubaki na sumu yake ya asili, na kambi nzima itatapika.

Sasa hiyo gesi, tunaipimaje?
*Huyohuyo, na wengine saba*

Kwa mizani, si kwa kutikisa mtungi. Kwenye shingo au kola ya mtungi kuna uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma. Uweke mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Mfano: kola inasema kilo 8.2, mizani inasema 13.4, una kilo 5.2 za gesi. Pima mwanzoni na mwishoni mwa yale majaribio ya wiki mbili, gawa kwa 14. Ukipata gramu 300 kwa siku, siku 104 (90 za safari na 14 za akiba) zinataka kilo 31.

Kichwa kimoja cha jiko cha kilowati 2.5 kikifunguliwa chote hula kama gramu 200 kwa saa. Kwa hiyo saa moja ya kuchemsha maharage yasiyolowekwa si jambo dogo.

Beba mitungi mitatu ya kilo 12 badala ya mmoja mkubwa. Mmoja ukivuja, umepoteza theluthi. Kila ukiunganisha mtungi paka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likipuliza, kaza au badilisha mpira. Na mkienda kwenye baridi ya kuganda, hakikisheni gesi si butani tupu: butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, na mtungi uliojaa utakataa kuwaka. Propani haina shida hiyo.

Jiko la aina yoyote lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kusinzia bila kujua sababu.

Tutatibu maji kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe. Tuchukue lita ngapi?
*Fundi wa kituo*

Pungufu ya unavyofikiri. Klorini ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato wala sabuni, inatakiwa matone 2 kwa lita ya maji maangavu, usubiri dakika 30. Ndoo ya lita 20 ni matone 40, yaani mililita 2. Kwa watu wanne wanaotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia, siku 104 zinakula kama mililita 208. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa kwanza na uongeze dozi mara mbili. Baada ya nusu saa yanuke klorini kwa mbali. Yasiponuka, rudia dozi usubiri dakika 15 nyingine.

Kinachowaangusha watu ni umri wa klorini. Hudhoofika ikikaa, na joto na mwanga huharakisha. Nunua iliyotengenezwa karibuni, chupa ndogo zisizopitisha mwanga, na kwa miezi ya mwisho chukua vidonge vya klorini vilivyofungwa kimoja kimoja. Tena, klorini haiui vimelea vyote. Kama mto unapita kwenye malisho ya mifugo, chemsha. Maji yakitokota dakika moja yanatosha, juu ya mita 2,000 yape dakika tatu.

Kunywa na kupika si matumizi yote. Pamoja na kuoga na kufua, kadirieni lita 15 kwa mtu kwa siku. Kama hakuna chanzo cha maji huko, hiyo ni kilo 60 kwa siku kwa watu wanne, na hapo swali ni kama safari hiyo inawezekana.

Mboga je? Daktari ametuonya kuhusu kiseyeye, nikadhani ugonjwa huo uliishia kwenye majahazi ya zamani.
*Mwalimu*

Haukuishia. Mwili usiopata vitamini C kabisa huonyesha dalili kati ya mwezi mmoja na mitatu: uchovu, fizi kuvuja damu, vidonda kugoma kupona. Siku zako 90 zinaingia humo. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli ya Uingereza, aliwapa baadhi ya mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, na ndio waliopona upesi. Kinga yenyewe ni ndogo: miligramu 10 kwa siku.

Panga kula kwa mpangilio wa kuharibika. Wiki ya kwanza majani. Ya pili nyanya zilizonunuliwa mbichi. Kabichi na karoti zikiwekwa pa baridi hufika wiki ya nne au ya sita. Kabichi usiivue majani ya nje, karoti zizike kwenye mchanga mkavu. Baada ya hapo boga lililoachwa na kikonyo chake, vitunguu na viazi. Vitunguu na viazi visikae pamoja, huharibiana. Viazi vinataka giza, na kilichogeuka kijani kina sumu.

Mwezi wa tatu otesha choroko. Mbegu kavu karibu haina vitamini C, ikichipua inaitengeneza. Loweka gramu 30 kwa mtu usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu, suuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu au ya nne zina mikia ya sentimita tatu. Zichovye kwenye maji yanayochemka nusu dakika tu, maana joto lile lile la kuotesha huwapendeza na bakteria. Juu ya hayo, chukueni vidonge vya vitamini C. Uzito wake si kitu.

Dawa?
*Msomaji wa maneno machache*

Dawa za kila siku za kila mtu kwa siku 104 na mwezi mmoja juu yake, zimegawanywa kwenye mifuko miwili inayosafiri kwenye mizigo tofauti. Zibaki na karatasi zake. Antibiotiki ziandikwe na daktari anayejua mnakokwenda, na aeleze kwa maandishi lini zitumike. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, isigande. Asiye na uhakika wa jokofu kwa siku zote hizo azungumze na daktari wake kabla ya kukubali safari. Daktari wa meno muone wiki sita kabla, si siku mbili kabla, ili jino lililozibwa likilalamika uwe bado mjini. Anayevaa miwani abebe ya pili. Kwa kuhara, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu.

Ni vitu gani watu husahau? Sitaki orodha ndefu.
*Mkuu wa kituo*

Mpira wa presha kuka, na kizibo chake cha usalama. Bila mpira, ile sufuria ya gharama ni sufuria tu. Vifungulia kopo viwili. Sabuni: gramu 250 za kuogea na 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi, yaani zaidi ya kilo sita kwenu. Pedi, kwa hesabu ya wanaozitumia wenyewe, si ya mratibu. Kiberiti kwenye chupa za mfuniko, chupa tatu sehemu tatu. Sindano nene na uzi wa nailoni. Betri za saizi moja, maana yake taa zote zichaguliwe za saizi hiyo kabla.

Na nozeli za jiko za akiba. Nozeli ikiziba, watu huizibua kwa waya wa chuma au sindano ya kushonea. Tundu linapanuka kidogo, gesi inazidi hewa, moto unakuwa wa manjano na kila sufuria inatoka na masizi. Zibua kwa unywele wa brashi, ukishindwa badilisha nozeli.

Tumenunua kila kitu. Tunapakiaje?
*Kijana wa stoo*

Kwa wiki. Sanduku moja au mawili kwa kila wiki, yenye nafaka, kunde, mafuta, sukari na sabuni za wiki hiyo. Wiki ya mwisho inaingia stoo kwanza, inakaa nyuma kabisa. Akiba ya siku 14 ifungwe kwa kamba ya rangi tofauti na ifunguliwe kwa idhini ya mkuu peke yake, la sivyo italiwa mwezi wa pili kwa jina la sherehe ya mtu fulani.

Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Mbao za kuinua sentimita 15 zinatosha, na nafasi ya kupita mtu nyuma ili uone kinyesi cha panya mapema. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, na ndoo nyembamba ya plastiki huitafuna kwa usiku mmoja. Vya unga viwe vya bati. Petroli na mafuta ya taa visisafiri na chakula hata kama vimefungwa vizuri. Unga hunyonya harufu kupitia plastiki, na hakuna kupepeta kunakoitoa. Madumu ya mafuta acha nafasi juu, kama asilimia tano, kwa sababu jua likiyapiga mafuta hutanuka.

Daftari likae mlangoni pa stoo na kalamu imefungwa kwa uzi. Hesabu kila siku ya kumi. Ukingoja nusu ya safari, upungufu wa sukari utauona wakati hauwezi kuurekebisha. Na namba ya wiki iandike kwenye pande mbili za sanduku pamoja na mfuniko, kwa wino usiofutika, maana masanduku yakishapangana mfuniko hauonekani.